Mota inachemka, mkato unaruka: draiva yako inashika mkondo au volteji?

Kosa hili nililifanya mwenyewe, kwa hiyo naanza nalo. Ililetwa karakanani mashine ndogo ya kukata stika, lalamiko lake moja tu: inakwenda polepole. Ilikuwa na saplai ya volti 12. Kwa mashine za aina hiyo dawa yangu ya siku zote ilikuwa nyepesi: toa saplai ya 12, weka ya 24, mota ipate kasi, kazi kwisha. Nikafanya vivyo hivyo. Mkato wa kwanza ulitoka safi, mteja akaenda kunywa chai. Aliporudi, kibano cha plastiki kilichoshika mota kilikuwa kimelegea na kuinama kama mshumaa uliosahaulika juani, na chumba kizima kinanuka vanishi ya koili.

Draiva, yaani chipu inayoipa umeme mota ya stepa (mota inayozunguka hatua kwa hatua), haikuwa na ubovu wowote. Ndani mlikuwa na L6470 ya STMicroelectronics, chipu inayoendesha mota kwa kushika volteji. Mimi niliitendea kama A4988, ambayo inashika mkondo. Kwa A4988, kupandisha saplai kutoka 12 hadi 24 hakuongezi mkondo wa mota iliyosimama hata kidogo. Kwa L6470 ambayo hujaigusa rejista zake (namba za mpangilio zilizo ndani yake), mkondo unakuwa maradufu na joto mara nne.

Tangu siku hiyo sigusi skrubu wala saplai kabla ya kujua chipu inashika nini. Dalili zinafanana, chanzo mara nyingi ni kinyume.

Kwanza ujue kilicho mkononi

Draiva ya mkondo inafungulia koili volteji yote ya saplai, huku inausoma mkondo kupitia rezista ndogo. Mkondo ukifika kiwango ulichoweka, inakata. Ukishuka kidogo, inafungua tena, maelfu ya mara kwa sekunde. A4988 na DRV8825 ni za ukoo huu. Geuza ubao utafute rezista mbili nene zilizoandikwa R100, R068 au R050 karibu na chipu. Hizo ndizo macho yake.

Draiva ya volteji haina macho hayo. Inaikatakata saplai kwa uwiano uliopanga ili koili ione volteji fulani, na mkondo unajitafutia wenyewe kwa hesabu ya Ohm: volteji kugawa kwa omu. L6470 ni mfano mzuri. L298N ikitumika peke yake, au ULN2003 inayoendesha ile mota ndogo ya 28BYJ-48, ni volteji tupu: saplai inakwenda kwenye koili moja kwa moja. Ile mota ndogo inavumilia kwa sababu koili zake zina kama omu 50, basi volti 5 zinatoa ampea 0.1 hivi. Weka mota ya koili ya omu 1.5 kwenye L298N na volti 12 uone: hata ukitoa volti 2 zinazopotea ndani ya chipu, hesabu inadai zaidi ya ampea 6, na chipu yenyewe mwisho wake ni ampea 2 kwa kila daraja.

Halafu kuna TMC2208 na TMC2209, ambazo ni popo: si ndege, si mnyama. Katika hali ya StealthChop zinaendesha kwa volteji na kuisahihisha taratibu kwa kuangalia mkondo. Katika SpreadCycle zinakata mkondo kama wenzao. Ubao mmoja, tabia mbili, na mara nyingi mwenye mashine hajui ipi imewashwa.

Kwa mifano yote hapa chini nitatumia mota moja, ile ya milimita 42 iliyojaa kwenye mashine zetu: ampea 1.7, omu 1.5, milihenri 2.8 (kipimo cha jinsi koili inavyopinga mkondo kubadilika), hatua 200 kwa mzunguko, nguvu ya kushikilia niutoni-sentimita 40.

Mota ni ya moto kupita kiasi

Tukubaliane kwanza "kupita kiasi" ni nini. Mota ya stepa ikiwa kazini kidole hakikai juu yake kwa raha, na hilo si ugonjwa. Vanishi ya koili za daraja B imetengenezwa kuvumilia nyuzi 130 ndani. Kinachokufa mapema ni kibano cha plastiki ya PLA, ambacho kinaanza kulainika karibu na nyuzi 60.

Kama draiva ni ya mkondo, pima Vref, yaani volteji ya kile kiskrubu kidogo dhidi ya ardhi. Kwa A4988, kiwango cha mkondo ni Vref ukigawa kwa mara 8 ya rezista ya kupimia. Vref ya 0.8 kwenye ubao wa R100 ni ampea 1. Vref hiyo hiyo kwenye ubao wa R050 ni ampea 2, na kwenye R068 ni karibu 1.5. Mbao hizi zinafanana kwa rangi na umbo, zinauzwa kwenye kikapu kimoja, na video uliyoifuata haikukwambia mwenzako alikuwa na ipi. Kwa DRV8825 unagawa kwa mara 5, kwa hiyo 0.8 kwenye R100 inakuwa 1.6. Aliyetoa A4988 akachomeka DRV8825 na kunakili Vref ya zamani amepandisha mkondo kwa asilimia 60 bila kujua. Kwa TMC2209 angalia na jambo hili: ampea zake hutajwa kwa wastani wa RMS, si kilele. Ampea 1.2 za RMS ni kilele cha 1.7.

Pia tazama kama mota inachemka hata ikiwa imesimama tu. A4988 haipunguzi mkondo wakati wa kusubiri. Inashikilia kwa nguvu zile zile usiku kucha. TMC2209 ina mkondo wa kushikilia unaopangwa peke yake, na L6470 ina KVAL_HOLD, rejista ya volteji ya kushikilia. Ukiwa na A4988 unaweza kuizima kwa pini ya ENABLE, lakini hapo mota inalegea na mhimili wima unaweza kushuka wenyewe.

Kama draiva ni ya volteji, sahau Vref, haipo. Uliza saplai imebadilishwa lini. Kwenye L6470 volteji ya koili ni KVAL (namba ya rejista inayopanga volteji) ikigawiwa kwa 256, mara saplai. Mota yetu inataka volti 2.55, yaani 1.7 mara 1.5. Kwa saplai ya 12 KVAL inakuwa 54. Iache 54 kisha weka saplai ya 24: koili inaona volti 5 na kitu, ampea zinakuwa 3.4. Ndiyo iliyomaliza kibano changu. KVAL sahihi kwa 24 ni 27.

Mtego mmoja unaonasa watu wa kambi zote mbili: kuweka mita kwenye waya wa saplai na kusoma mkondo wa mota hapo. Hausomeki hapo. Mota yetu ikishikilia kwa ampea 1.2 katika kila koili inakula wati 4.3 hivi. Kwenye saplai ya 24 hizo ni ampea 0.18 tu, mbali na kinachopotea kwenye chipu. Fundi anaona 0.18, anasema "mkondo mdogo huu", anazungusha skrubu mpaka mwisho. Mita iwe ndani ya waya wa koili, na uiingize umeme ukiwa umezimwa. Ukipima A4988 katika hatua nzima, kumbuka kila koili inapata asilimia 70 tu ya kiwango ulichoweka, usiidai iliyobaki.

Asubuhi inafanya kazi vizuri, mchana inaruka hatua

Hii ndiyo dalili ninayoipenda, kwa sababu inamtaja mwenyewe aliyeileta. Niliwahi kuitiwa mashine ya kumwaga chakula cha samaki inayotumia betri ya risasi ya volti 12 na paneli ya jua. Alfajiri inazungusha vizuri. Saa nane mchana inanguruma bila kuzunguka, na siku nyingine inarudi sawa. Mwenyewe alikuwa ameshabadilisha mota mara moja.

Draiva ya volteji inafuata kila kitu kinachobadilika. Betri ikichajiwa inaweza kufika 14.4, ikichoka inashuka hadi 11.8. Kwa KVAL ile ile ya 54, ampea zinatoka 2.0 hadi 1.66. Shaba nayo ina tabia yake: kila nyuzi moja ya joto inaongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39. Mota ikipanda nyuzi 50, ile omu 1.5 inakuwa 1.8, na 1.7 yako inakuwa 1.4. Sasa zikutanishe: mota imechemka kwa jua na kwa kazi, wingu likapita, betri ikashuka, chakula kimeshikana kwa unyevu. Hakuna kilichoharibika, ila akiba ya nguvu imeisha.

Jaribio ni rahisi. Pima ukinzani wa koili asubuhi mota ikiwa baridi, kisha zima mchana inapogoma na upime papo hapo. Gusanisha kwanza ncha za mita usome omu ya waya zake, uitoe kwenye jibu, maana kwenye omu 1.5 waya mbovu wa mita unaweza kuwa nusu ya hesabu. Ukiona 1.8 na mota bado iko sawa, umepata jibu bila kununua kitu. L6470 ina pini ya ADCIN ya kusoma saplai na kuifidia, na rejista ya K_THERM ya kufidia ukinzani wa koili. Mbao nyingi huja bila hizo kuwashwa. Kwenye mashine ile ya samaki hata hivyo sikuhangaika nazo. Niliweka draiva ya mkondo, kwa sababu mota ya shambani haihitaji ukimya.

Draiva ya mkondo ikileta dalili hiyo hiyo ya mchana, usitafute kwenye betri wala shaba; kiwango chake hakisogei kwa hayo. Tafuta chipu yenyewe. Sikiliza mota ikiachia: inalegea ghafla sekunde moja mbili, inashika tena, inalegea tena. Hiyo ni chipu kujizima kwa joto. A4988 bila kipoza joto usiitegemee kupita ampea 1 hivi, DRV8825 ni 1.5. Punguza, gundisha kipoza, au weka feni. Mota ya volteji inadhoofika kidogo kidogo. Ya mkondo inakatika na kurudi. Ukishazoea utazitofautisha ukiwa umesimama mlangoni.

Polepole ina nguvu, kasi ikipanda inanguruma na kusimama

Hapa mafundi wengi huzungusha Vref juu, na hapa ndipo Vref haina kazi.

Chukua mota yetu kwa mizunguko 600 kwa dakika. Kila mzunguko una mawimbi 50 ya umeme, basi tuko kwenye hezi 500. Kwenye hezi 500 milihenri 2.8 zinapinga kama omu 8.8. Kusukuma ampea 1.7 hapo kunadai karibu volti 15 za kushinda koili pekee, na juu yake mota yenyewe inazalisha kama volti 10 za kupinga kwa sababu inazunguka na sumaku ndani. Hizo mbili hazijumlishwi moja kwa moja, zinakwenda kwa pembe, lakini jibu ni karibu volti 20. Saplai ya 12 haina volti hizo. Chipu inafungua mlango wote, inasubiri mkondo ufike kiwango, haufiki, zamu ya hatua inayofuata inaingia. Kwa kasi hiyo draiva yako ya mkondo imeshageuka ya volteji, haikati chochote. Kiskrubu kinaweka dari ambayo hakuna anayeigusa.

Dawa kwa draiva ya mkondo: pandisha saplai ndani ya mipaka ya chipu (A4988 mwisho 35, DRV8825 mwisho 45), au tafuta mota ya milihenri chache. Kuna zile mota zilizoandikwa volti 12, ampea 0.4. Koili zake ni omu 30. Ukiziweka kwenye A4988 na saplai ya 12, ampea 0.4 ndiyo yote inayoweza kupita hata zikiwa zimesimama, kwa hiyo zinachoka mapema mno. Zinafaa kwa volteji tupu, na ndiko zilikotoka.

Kwa draiva ya volteji kuna hatua ya kati watu wanairuka. KVAL uliyopiga kwa mota iliyosimama haitoshi ikizunguka. Lazima volteji ipande pamoja na kasi. L6470 inafanya hivyo kwa mistari miwili: ST_SLP kuanzia chini, kisha FN_SLP ukivuka kasi ya INT_SPEED. Kasi hiyo ya kukatiana ni pale upinzani wa milihenri unapolingana na omu za koili. Kwa mota yetu ni omu 1.5 kugawa kwa 2π mara 0.0028, hezi 85, mara hatua 4 kwa kila wimbi: hatua 340 kwa sekunde, mizunguko 100 hivi kwa dakika. Kama mashine yako inakufa kila mara maeneo ya hapo na kuendelea, ni mistari hii haijapangwa, imeachwa kama ilivyotoka kiwandani kwa mota ya mtu mwingine. Na kwa kuwa nayo ni uwiano wa saplai, ukibadili saplai unaipanga upya pamoja na KVAL. Hicho ndicho ile mashine ya stika ilichokuwa inaumwa tangu mwanzo: ilikuwa na KVAL nzuri na mistari ya kubahatisha. Niliiacha kwenye 24, KVAL 27, mistari nikaihesabu upya, na kibano nikakichapa tena kwa plastiki ya PETG.

Mstari wa polepole unatoka na mawimbi

Kata duara kubwa kwa mwendo wa chini. Ukiona kingo zinapanda na kushuka kwa vipimo vinavyojirudia, hasa kwenye DRV8825 yenye saplai ya 24, usikimbilie kukaza mkanda.

Karibu na sifuri ya wimbi la mkondo, chipu inatakiwa kupitisha mkondo mdogo sana. Lakini draiva ya kukata kila ikifungua lazima ikae wazi muda fulani kabla ya kuamini rezista yake, vinginevyo inasoma kelele. Kwa DRV8825 ni karibu mikrosekunde 4, na hurudiwa kama mara 30,000 kwa sekunde, yaani asilimia 12 ya muda. Volti 24 kwa omu 1.5 ni ampea 16. Asilimia 12 yake inakaribia 2. Upotevu njiani unaipunguza, ila umeona tatizo: chipu imeombwa ampea 0.1 na haiwezi kutoa kidogo hivyo, kwa sababu wimbi linapopanda inauacha mkondo ushuke taratibu mno. Hatua ndogo kadhaa (vipande vya hatua moja) zinapotea, kisha mota inaruka kuzifidia.

Kushusha saplai kunasaidia, ila kunakurudisha kwenye ugonjwa wa kasi. Kwenye DRV8825 pini ya DECAY huachwa hewani. Ukiipeleka juu mkondo unashuka haraka na mawimbi yanapungua, ingawa mota inapiga kelele zaidi. A4988 ina pini ya ROSC. Ikiunganishwa ardhini chipu inachanganya kushuka kwa haraka na taratibu kote, kupanda na kushuka. Kulehemu kwenye mguu wa chipu kama hiyo kunataka mkono mtulivu na bati kidogo. Binafsi kwa kazi ya mikato laini ya polepole nachukua ya volteji bila kusita. Hapo ndipo inapoishinda ndugu yake waziwazi, na kimya chake ni zawadi.

TMC2209 inashtuka mwendo wa kwanza, au inapobadili kasi

StealthChop inahitaji kujifunza mota. Inataka mota iwe imesimama na mkondo kamili wa kazi kwa kama sehemu ya kumi ya sekunde na kitu, ndipo ijue volteji ya kuanzia. Kisha iendeshwe kwa kasi ya wastani imalizie. Programu inayowasha mota na kuiondoa papo hapo mbio inainyima chipu somo hilo. Weka usubirio wa milisekunde 200 baada ya kuwasha. Kama mshtuko unatokea katikati ya safari, kila mara kwenye kasi ile ile, ni mahali pa kuhama kwenda SpreadCycle: kizingiti cha kasi kimewekwa juu mno. Kishushe, au chagua hali moja ukae nayo. Mhimili mzito unaoongeza kasi kwa ghafla mimi nauacha SpreadCycle daima, kwa sababu usahihishaji wa StealthChop ni wa polepole na hauwahi.

Inasema imekwama wakati haijakwama

Hii ni ya volteji zaidi. Mota ikikwama, volteji pinzani (ile mota inayoizalisha ikizunguka) inatoweka na mkondo unaruka juu. L6470 inauona mruko huo na kuinua bendera. Draiva ya kawaida ya mkondo haiwezi kuona hivyo, kwa sababu kazi yake yote ni kuhakikisha mkondo hauruki. Bendera ya uongo ikija wakati wa kuongeza kasi, KVAL_ACC (KVAL ya wakati wa kuongeza kasi) ni kubwa au FN_SLP imezidi. Ikikosa kuja mota ikiwa polepole, usiipandishe wala kuishusha STALL_TH, kizingiti cha kukwama, usiku kucha: kwa mwendo huo volteji pinzani ni ndogo, hakuna cha kuona. Weka swichi ya mwisho.

Chipu imekufa kabisa

Hapa aina haijalishi. Uliza kama mota ilichomolewa umeme ukiwa unawaka. Koili inarudisha mkondo wake na chipu ndiyo inayolipa. Kama haikuchomolewa, tazama kama kuna kapasita ya mikrofaradi 100 karibu na pini za saplai, sentimita chache tu. Waya mrefu wa saplai pamoja na vikapasita vidogo vya kauri vya ubaoni huleta mruko wa volteji pale unapowasha, na A4988 ya volti 35 kwenye saplai ya 24 haina nafasi kubwa ya kuvumilia. Kabla ya kuchomeka mpya, pima waya za mota kwa omu, jozi kwa jozi, uzitikise huku ukisoma. Namba ikicheza, plagi ndiyo iliyoua ya kwanza, na itaua ya pili.